Yanayosemwa Kinuni

Hakuvua viatu. Hilo ndilo la kwanza ambalo mtu yeyote wa Ibra, huku Omani, angekwambia juu yake, na wengine wasingekuwa na la pili. Nyumba za huku viatu huachwa mlangoni, hata na mtoto anayeanza kutambaa na ukuta, maana chini ndipo watu wanapokaa, wanapokula na wanaposali. Yeye akiingia navyo mpaka juu ya mkeka. Viatu vyeusi vya ngozi, vya mkanda, anavipangusa kwanza kwa kitambaa kikavu, halafu anaketi na kuifunika miguu kwa kanga, kama kwamba hatukuiona. Kusali akivua, hilo nisimsingizie. Lakini viatu vikikaa mbele ya mswala wake, na salamu ya kushoto haijamtoka vizuri mdomoni mkono ushakamata mkanda. Kulala alilala navyo.

"Bibi we, safari ya wapi?" wanawake wakimtania.

"Sendi popote," akijibu. "Ndo maana navaa. Siku nitakayovivua ndiyo siku watakayokuja."

Hakuna aliyemuuliza nani watakaokuja. Sote tuliotoka Unguja na Pemba tulijua, na tulikuwa tumekimbia mbali ili tusiulizane.

Tulimwita Mwenye Kinu. Jina lake nalijua na sitalitaja, kwa kuwa mwenyewe hakupenda liandikwe mahali. Alisema jina likiandikwa, hofu inapata anwani. Alikuwa mfupi, mweupe wa kufifia, na mdomo wake ulikuwa mkali kama pilipili mbuzi. Alikuwa bahili wa sukari. Chai yake ukiinywa unaikumbuka sukari kwa mbali tu, na ukiomba kijiko cha pili anakuuliza kama kwenu mlikuwa na shamba la miwa. Uongo alisema, na akisema bila haya. Mtu asije akakwambia kwamba alikuwa walii. Mimi nilimuogopa tangu siku ya kwanza, na nimemuogopa mpaka mwisho, na nilimpenda, na mambo haya mawili hayakuwahi kugombana moyoni mwangu.

Kinu chenyewe kilichongwa Sur. Palikuwa na fundi wa vyombo vya baharini huko, aliyewahi kuishi Unguja miaka mingi, akajua kinu cha kwetu kina tumbo la namna gani. Alikichonga kwa gogo la msaji lililobaki kazini, akachonga na michi miwili, kikaja Ibra nyuma ya pikapu kimezungushiwa godoro. Wenyeji walikitazama wakacheka. Wao walikuwa na vinu vyao vidogo vya shaba vya kutwangia kahawa, sasa hili dubwana la nini?

La bokoboko, tuliwaambia. Na kweli tulitwanga ngano ya bokoboko, ambayo wao wanaita harisi, na wakiipenda. Lakini hiyo ilikuwa nusu ya maneno.

Nusu ya pili ni hii. Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulipofika, kila mtu alitwambia: alhamdulillahi, mmerudi kwenu. Tulipewa makaribisho, tende, kahawa, vyumba katika nyumba za jamaa za waume zetu. Sasa mtu aliyerudi kwao ataogopa nini? Atalia nini? Nyumba ni za udongo, zimejaa mawifi na wakwe, ukikohoa mtaa wa pili wanakwambia shifa. Ukilia watu wanakuuliza umekosa nini, na jibu huna, maana hukukosa kitu. Ulikuwa na chakula na paa. Ulichokuwa nacho zaidi ni mlango ule wa zamani unaogongwa ndani ya kichwa chako, na hapana Kiarabu cha kulisema hilo, na sisi wenyewe Kiarabu chetu kilikuwa cha kubabaisha.

Basi Mwenye Kinu aliona njia. Kila Jumatatu alasiri, uani kwake, wanawake wawili wakishika michi wakatwanga kwa kupokezana. Ukitwanga wawili huwezi kusimama, maana ukisimama michi itagongana. Na kinu kikilia, unaweza kusema unalotaka: mwenzio aliyeinama mbele yako atakusikia, na wa tatu aliyekaa hatua chache hatasikia ila dum, dum. Unaweza hata kulia, ukitwanga uso unakuwa na jasho, nani atabagua?

Masharti yake hayakuwa mengi, lakini alikuwa mkali nayo. Anayesikiliza hatoi shauri. Halii na wewe. Hakwambii "na mimi yalinikuta." Anaitikia naam, naam, basi, na mchi wake hausimami. Mkimaliza hamlirejei tena, wala kwa jicho.

"Kinuni hapatoki neno," akisema. "Kinatoka chakula tu."

Na chakula kilitoka. Kila tulichotwanga kilipikwa kikapelekwa kwa mzazi, kwa mgonjwa, kwa mfiwa, na kila nyumba ilileta ngano kwa uwezo wake. Hapana aliyekuwa mkubwa pale. Palipokuwa na la kuamua, tuliamua uani, sote, kwa makelele, na yeye akashindwa mara nyingi akanuna.

Ila yeye mwenyewe hakushika mchi. Alikaa na ungo wake kati yetu na mlango, akipepeta, akitazama nje. "Mie mpepetaji," alisema. Tukadhani ni kiburi.

Kwa kuogopa, hakuna aliyemshinda. Nyumba yake huigongi. Ukija unaita hodi, unataja jina lako na la mumeo, unangoja mpaka akusikilize sauti. Siku moja mleta maji, kijana wa watu asiyejua lolote, aligonga mlango kwa ngumi. Bibi yule, mtu mzima, aliparamia ukuta wa nyuma akadondokea shamba la mitende la jirani, tukamkuta amesimama ndani ya falaji, mfereji wa maji wa mtaa, maji yamefika magotini na viatu miguuni. Jumatatu iliyofuata mwanamke mmoja alishtuka kwa paka, na Mwenye Kinu huyo huyo akamcheka mpaka akashika mbavu.

"Aumwaye na nyoka akiona ukuti hushtuka," mmoja akamtetea mwenziwe.

"Ehe," alisema Mwenye Kinu, na kicheko kikamkauka pale pale. "Na huo ukuti, nani keshakwenda kuugeuza akahakikisha?"

Sasa niseme yangu, maana bila ya hayo hamtafahamu kwa nini namzungumza.

Nilikuwa mke kijana. Mume wangu alifanya kazi serikalini Maskati, akija mwisho wa wiki, na mimi nilikaa Ibra na mama yake, ambaye nikimwita Ammati, kama wanavyoita wakwe zao hapa. Mwenyeji wa Ibra, hajapata kuvuka hata Bidiya, mji wa jirani, mtu wa maneno machache na macho mengi. Nilikuwa na mtoto mmoja, mwanamme, hajatimia mwaka.

Siku hiyo palikuwa na harusi mtaa wa juu. Sikuambiwa, au niliambiwa nisifahamu, kwamba wanaume wa huku wakifurahi hupiga bunduki hewani. Zilipoanza, mimi sikuwa Ibra tena. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, Unguja, nyumba ya mwisho ya kichochoro chetu. Nilimbeba mwanangu nikamtia ndani ya sanduku langu la nguo, nikashusha kifuniko, nikakaa juu yake. Nikawa nimekaa. Bunduki zikanyamaza, ngoma zikaanza, na mimi nimekaa. Alianza kulia nikambana kwa uzito wangu wote ili asisikike. Kisha akaacha kulia, na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilishukuru.

Ammati ndiye aliyeingia. Hakuuliza. Alinisukuma nikaanguka, akafungua sanduku, akamtoa mtoto rangi imembadilika, akampulizia, akampigapiga mgongoni, mpaka akavuta pumzi. Sauti ile ya kuvuta pumzi ninaisikia mpaka leo nikikaa peke yangu.

Tangu hapo mtoto alilala chumbani kwake. Mimi nilikuwa napewa nimnyonyeshe, mlango wazi, yeye amekaa mbele yangu anatazama mikono yangu. Mume wangu alipokuja aliambiwa, na alipokuwa akizungumza nami alizungumza taratibu, kama na mtu aliyeshika kisu. Ikitokea tena, alisema, mimi nitakwenda kwa baba yangu Maskati nipumzike, na mtoto atabaki Ibra na bibi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na haki alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyekuwa nikijua kwamba itatokea tena, maana harusi haziishi duniani.

Jirani yangu mmoja wa Pemba alimhadithia Mwenye Kinu habari ya sanduku. Aliniambia baadaye kwamba ungo ulimtoka mkononi ngano ikamwagika ua mzima, na yeye, bahili wa punje, hakuiokota. Mwenye Kinu alikuja kwetu siku ile ile. Hakuwa na desturi ya kwenda kwa watu.

"Hodi!" nikasikia mlangoni. Ammati akatazama, hakulijua neno.

Mwenye Kinu alisimama na viatu vyake, akanitazama mimi, akamtazama mtoto mapajani mwa bibi yake, akamtazama muda mrefu. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Anapumua?" akaniuliza.

"Anapumua, Mama."

"Basi Jumatatu uje. Usiponijia nitakuja kukuvuta kwa nywele."

Nilikwenda. Jumatatu za mwanzo nilitwanga kimya, na mwenzangu, yule jirani wa Pemba, akaitikia kimya changu naam, naam, mpaka nikataka kucheka. Ammati aliniruhusu kwa sababu ya bokoboko. Kila jioni ya Jumatatu nilirudi na bakuli lake.

Halafu ikaja siku ya kosa letu. Nalieleza kwa sababu ni kosa ambalo sisi tu tungeweza kulifanya.

Kwetu Unguja msiba ukiingia mtaani, kinu hulazwa. Hapana mtu anayetwanga, kinalazwa ubavu mpaka maiti azikwe. Na hungoji kuambiwa: utasikia kilio. Kilio kikipanda nyumba ya tano, nyumba ya ishirini wanajua. Hapa Ibra hawalii kwa sauti. Wanaona ni kukosa subira mbele ya Mola. Anakufa mtu mkubwa nyumba ya pili na hewa haitikisiki. Wanaume wanapeana habari kwenye baraza yao, wanawake wanatumiana mtoto mlango kwa mlango, na mlango wetu haukuwemo katika milango hiyo.

Kaka wa Ammati, ndugu yake pekee, alilala baada ya adhuhuri hakuamka. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya ukuta wa Mwenye Kinu. Mimi nilikuwa nimeshatoka nyumbani. Na siku hiyo, kati ya siku zote, ulimi wangu ulifunguka. Nilianza kulisema sanduku. Nilitwanga kwa nguvu zangu zote ili nisijisikie mwenyewe, mwenzangu akanifuata, na ua mzima ukawa unatikisika dum, dum, dum, na upande wa pili wa ukuta walikuwa wanamuosha maiti.

Ammati aliingia bila hodi. Sikupata kumuona akikimbia barabarani kabla ya siku ile.

"Ndugu yangu yuko chini ya shuka," alisema, "na nyinyi mnampigia ngoma."

Michi ikasimama. Nilitaka kumwambia si ngoma, ni kinu, hatukusikia kilio, kwetu husikika kilio. Kiarabu kikanitoroka chote. Alinitazama, akatazama jasho langu, nywele zangu zilizofunguka, machozi yangu, na nikaona anachokiona: mwendawazimu anayecheza pepo juu ya maiti.

Mume wangu alikuja kuzika, na alisema mara moja tu. Arubaini ikisha, nitakwenda Maskati. Mtoto abaki.

Nilimkimbilia Mwenye Kinu. Mtu mwingine sikuwa naye. Niliita hodi, nikataja jina langu, nikataja la mume wangu, mlango haukufunguka. Nilisikia pumzi yake, alikuwa amejibana nyuma ya mlango huo huo.

"Nenda zako, mwanangu," alisema. "Tumewatia aibu. Watakuja kuvunja. Wakishaanza hawabagui mlango."

"Mama, hakuna anayekuja! Ni mimi, wananinyang'anya mtoto!"

"Wanasema hivyo hivyo kila mara. Hakuna anayekuja." Akaniambia kwa mnong'ono: "Fumba mdomo wa mtoto, pitia mashambani."

Mtoto sikuwa naye mkononi. Nilisimama pale juani nikahisi baridi. Kumbe ukuta niliokuwa nimeuegemea miezi yote ile ulikuwa unatetemeka kuliko mimi. Nilimchukia siku ile, nasema kweli, nikarudi kwa Ammati kukaa msibani pembeni, mahali pa viatu, na hakuna mwanamke aliyenisogelea.

Siku ya tatu ya msiba akaja.

Aliingia na sinia la bokoboko kichwani, na viatu vyake miguuni, ndani ya nyumba ya msiba, juu ya mikeka. Wanawake walikuwa wamejipanga ukutani, macho yote yakashuka kwenye miguu yake. Yaa Rabbi, nilitamani ardhi inimeze. Midomo yake ilikuwa ikicheza, nikajua anarudiarudia maneno asiyasahau. Alitua sinia, akasema taazia ya Kiarabu aliyokuwa amejifunza, akaisema yote sawasawa, na Kiarabu chake kikaishia hapo. Akanyosha mkono. Ammati hakuupokea.

Pembeni palikuwa na msichana anatwanga kahawa, maana msibani dele halikauki, na mikono ilikuwa imemchoka. Mwenye Kinu alikwenda akaketi, akamnyang'anya msichana kile kinu kidogo cha shaba na mchi wake, akaanza. Ting, ting, ting.

"Bas!" Ammati akapiga ukelele. "Hata hapa?"

Hakuacha. Nilikuwa karibu, nikaona mchi unagonga mdomo wa kinu, na jasho linamchuruzika shingoni kuingia kwenye kanga. Sijapata kumuona mtu anaogopa namna ile huku bado amekaa. Kisha akakisukuma kile kinu juu ya mkeka mpaka mbele ya magoti ya Ammati, akamnyoshea mchi.

"Wewe," alimwambia, kwa Kiswahili.

Ammati aliushika ili amtupie. Hilo ninaliamini mpaka leo. Lakini mkono ulipanda ukashindwa, ukashuka, na mchi ukaangukia kinuni. Ting. Akaupandisha tena. Mara ya tatu alikuwa anatwanga, na baada ya kitambo alikuwa anasema. Alisema kaka yake alimvusha falaji mabegani walipokuwa wadogo. Alisema asubuhi ile walikuwa wamegombana juu ya mbuzi. Alisema sana, nami namjua kwa maneno machache, na sauti ikapanda juu ya mchi, akalia, akalia kwa sauti mbele ya wanawake wa Ibra.

"Naam," aliitikia Mwenye Kinu. "Naam. Naam."

Wageni walipopungua alinivuta ukumbini. "Alikuwa akisema nini?"

Nilifungua mdomo nimtafsirie, akaniziba kwa kiganja. "Usiniambie," alisema. "Kinuni hapatoki neno."

Hakufahamu hata neno moja! Jioni ile Ammati alinambia, "Yule mwanamke ana adabu mbaya na masikio mazuri." Halafu akamnyanyua mtoto, akaniwekea mapajani, na hakukaa mbele yangu. Alikwenda akakaa mlangoni, akanipa mgongo.

"Bunduki zikilia," alisema, "njoo kwangu na mtoto. Mimi nitakaa hapa." Na mume wangu alipokuja akaambiwa kwamba safari ya Maskati haipo.

Jumatatu iliyofuata Ammati alitokea uani kwetu na kinu chake cha shaba kimefungwa kitambaani. Baada yake wakaja wanawake wengine wa Ibra, wenye yao, maana kumbe nao walikuwa na yao. Mwaka haukwisha tukaagiza kinu cha pili kutoka Sur, halafu wanawake wa Nizwa wakaja kutazama wakaondoka na chao, na Sur wenyewe, waliotuchongea, wakaanza kwao. Watu walisema tunatwanga maji kinuni. "Ndiyo," Mwenye Kinu akijibu, "ya macho."

Daktari wa zahanati, mgeni, mtu mwema, alisikia. Alitaka kutupa chumba kwake, na viti, na mtu wa kutusimamia, na kila mwanamke awe na faili. Tulijadiliana wiki nzima, maana wengine walipenda viti. Mwenye Kinu alisema neno moja: "Daktari ana dawa, Mungu amzidishie. Tukiumwa tutamwendea. Lakini mlango uwe wetu." Safari hiyo hakushindwa. Na daktari hakununa. Alikuwa akiona mwanamke hana ugonjwa na hapati usingizi, anamwandikia vidonge, kisha anamuelekeza kwa mkono njia ya uani kwetu.

Na jambo moja jingine. Kila Jumatatu watu wakishatawanyika, Ammati na Mwenye Kinu walibaki wawili. Walitwanga kahawa katika kile kinu cha shaba. Kutoka barabarani tuliwasikia wote wawili wanasema, mmoja kwa Kiarabu, mmoja kwa Kiswahili, kila mmoja akimuitikia mwenziwe kwa zamu. Yeye ambaye hakuwahi kushika mchi nasi hata mara moja! Tukikaribia walinyamaza.

Miaka ikapita. Mume wangu alinichukua Maskati, nikazaa wengine. Umeme ukaja Ibra, barabara ikaja, na mabinti zetu wakawa wanatwanga kwa Kiarabu, Kiswahili chao cha kuokoteza: "Mama, kinu yangu iko wapi?" Bunduki za harusi zilipolia nikiwa Ibra nilikwenda kwa Ammati kila mara, mpaka zikawa zinalia nami nimekaa, namshika mtoto mkono tu. Mwishoni mwa miaka ya themanini Ammati akafariki. Kinu kililazwa Ibra nzima, na safari hii tuliambiwa.

Miezi michache baada ya hapo nikapata habari kwamba Mwenye Kinu hafungui mlango. Jumatatu watu wanaita hodi, wanarudi. Mwanangu mkubwa, yule wa sanduku, alikuwa ameshapata leseni, akanipeleka.

Nilimuacha garini mwisho wa kichochoro, maana gari lingesimama mlangoni kwake ungemkuta falajini. Ilikuwa alasiri. Niliita hodi, nikataja jina langu na la mume wangu. Nikaita tena, sauti yangu mwenyewe ikanitisha. Kisha nikasikia komeo la kwanza, la pili, la tatu.

Alikuwa amekwisha. Mifupa na kanga, na viatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko peke yako?"

"Mwanangu yuko garini."

"Anapumua?"

Alikuwa akiniuliza hivyo kila tulipoonana, miaka yote, nikidhani ni mzaha wake. "Anapumua, Mama. Ana ndevu."

Hakucheka. Alikwenda pembeni akaleta kinu cha shaba cha Ammati, aliyemuachia kwa wasia. Akamimina buni zilizokaangwa, akakaa, akaniashiria nikae mbele yake.

"Yule mwenzangu," alisema, "nilimwambia yote. Kila Jumatatu nilimwambia yote. Hakufahamu hata neno moja, na mimi nikapata usingizi. Sasa hayupo, na yamerudi yote mdomoni, hayana pa kwenda."

"Twanga, Mama," nikasema. Yeye ni mtu niliyekuwa nikidhani najua kiasi cha hofu yake.

Alitwanga. Mkono haukuwa na nguvu, mchi ukawa unalia kidogo kidogo, na akasema. Neno halitoki kinuni, na mimi silitoi, isipokuwa moja, kwa kuwa mwenyewe alinambia nilitoe akishakufa, ili wanawake wa uani wajue kwa nini hakushika mchi nao. Palikuwa na mtoto, na palikuwa na sanduku. Na hapakuwa na Ammati wa kulifungua.

"Naam," niliitikia. "Naam. Naam." Hivyo hivyo kama alivyoitikiwa miaka yote na mkwe wangu. Ila mimi nilifahamu kila neno, na yeye alijua kwamba nafahamu, na hakuacha mpaka akamaliza.

Buni zilikuwa zimekuwa vumbi. Aliweka mchi chini. Nje nilisikia mwanangu anafungua mlango wa gari, anakohoa, anaufunga. Mwenye Kinu alisikiliza kikohozi kile mpaka kikaisha. Halafu akanyosha miguu mbele yangu juu ya mkeka.

"Nifungue mikanda," alisema. "Nataka kulala."

Ngozi ilikuwa imekauka na tundu za mkanda zimeziba. Nilivifungua, kimoja kimoja. Nikavitoa nje, nikaviweka mlangoni kando ya vyangu.